Mbodze Alivyojipa Tatu

Mbodze alikuwa mwanamke wa kusifiwa, si wa kujisifu. Ukimwambia wali wake ni mtamu, atakujibu, "Ah, nazi tu ilikuwa nzuri." Ukimwambia gauni limemkaa, atakwambia ni la zamani, na karatasi ya bei bado haijabanduliwa. Ndivyo alivyolelewa kwao, na jambo hilo halikumdhuru mpaka alipoajiriwa.

Kampuni yenyewe ilikuwa kubwa, ya makontena, pale Shimanzi karibu na bandari. Makao makuu yalikuwa Nairobi, na hao wa Nairobi walipenda fomu kama watoto wanavyopenda peremende. Kila Novemba mfanyakazi hujipa alama mwenyewe, moja hadi tano. Kisha mkubwa wake humtilia zake, karatasi zikapanda juu. Januari hurudi barua ya nyongeza ya mshahara, na kwa mwenye bahati, cheo.

Kazi ya Mbodze ilikuwa kuandika vibali vya malori kutoka uwanjani. Mkubwa wake alikuwa Ruweida wa Mji wa Kale, mwanamke wa udi na sauti ya taratibu. Mchana walikula sahani moja. Ruweida alipojifungua pacha, Mbodze alimshikia kazi zake miezi mitatu. Ruweida aliporudi, alichukua kiti chake na kalamu yake. Kazi nyingine alizisahau kwa Mbodze, na pacha sasa wako darasa la tatu.

Mwaka huo mzee Kavumbi, mkuu wa lango, alikuwa anastaafu. Mbodze alikitaka cheo kile mpaka akakiota. Kwa miaka kumi na moja madereva walimwita "yule mama wa vibali". Alitaka aitwe Bi Mkuu walau mara moja, kabla meno hayajaanza kumtoka.

Akamwendea Ruweida na fomu mkononi. "Da Ruweida, waonaje? Mwaka huu nijipe tano?"

"Tano! Wee Mbodze!" Ruweida akacheka, akamshika mkono. "Mtu na adabu zake hujipa tano? Wakubwa watasema una majivuno. Weka tatu, shoga yangu. Kukupandisha niachie mimi."

"Kama miaka yote?"

"Kama miaka yote."

Mbodze akaweka tatu. Palipoandikwa "Eleza mafanikio yako", akaandika: "Nimejaribu."

Januari barua ikaja. Nyongeza ilikuwa ya kununulia chumvi, na chumvi yenyewe iwe haijapanda bei. Cheo kilikwenda kwa Kenneth wa maghalani, kijana mpole ambaye aliwahi kuruhusu lori la mchele litoke akidhani limebeba saruji.

Mbodze akapanda ngazi hadi kwa Eddah, msichana wa ofisi ya wafanyakazi. Eddah akafungua kompyuta.

"Kenneth alijipa tano, mama. Na maelezo kurasa mbili."

"Mchele aliutaja?"

"Ameuita uzoefu."

"Na mimi?"

"Ulijipa tatu."

"Lakini Ruweida alinipandisha."

Eddah aliigeuza tu kompyuta imwelekee Mbodze, akajifanya anatafuta kitu kwenye mtoto wa meza. Alama ya mkubwa: tatu. Chini yake, maneno ya Ruweida: "Mwenyewe amekubali ni wa wastani. Abaki alipo." Mwaka wa nyuma, maneno yale yale. Na wa nyuma yake. Hata nukta haikubadilishwa.

Mbodze aliposhuka alimkuta Ruweida mezani pake, amesimama na Kenneth.

"Shoga yangu, nilikuwa nakutafuta! Huyu Kenneth mkalishe wiki mbili umfundishe mambo ya lango. Mjuzi ni wewe."

"Mjuzi? Mimi wa wastani. Mwenyewe nimekubali."

Kenneth akatazama viatu vyake, vipya, vya cheo. Ruweida akamwambia atangulie nje. Mlango ulipofungwa, sauti yake ikashuka.

"Mbodze, nisikilize. Ungepanda wewe, mimi ningebaki na nani? Kazi zangu nani angezijua?"

Alilisema kama sifa. Pengine ilikuwa sifa kweli, na katika miaka yote ile ndiyo pekee aliyompa.

"Niambie moja tu," alisema Mbodze. "Wewe hujipa ngapi?"

Ruweida akatengeneza mtandio wake, ambao haukuwa umeharibika. "Mambo hayo, Mbodze..."

"Ngapi?"

"Tano."

"Kila mwaka?"

Ruweida akatikisa kichwa kukubali.

Mbodze alitaka kucheka, maana jambo lenyewe lilikuwa la kuchekesha. Nje malori yalikuwa yamepangana hadi barabarani, madereva wakipiga honi na kuita, "Mama wa vibali! Jua kali, mama!" Akakisukuma kitabu cha vibali mbele ya Ruweida, polepole, kwa adabu zote, kisha akaketi na kukunja mikono.

Ruweida akakifungua. Akageuza ukurasa mmoja, akageuza wa pili.

"Mbodze," akasema, "hapa naanzia wapi?"

Honi ziliendelea.