Kidole cha Majaribio

Kaka yangu ni fundi wa kutengeneza cherehani, na kwa kuficha mambo hana mpinzani. Alipobuni kifaa cha kusimamisha sindano kabla haijamchoma mshonaji, wakili alimwambia asimwonyeshe mtu mpaka ombi la hataza lipokelewe, wengine wasije wakaiga. Wakili alimaanisha watu baki. Kaka akaanza kwa kumficha mkewe.

Wifi ni mshonaji. Sindano iliwahi kumpita kwenye kucha ya kidole cha shahada ikatokea upande wa pili, na kidole hicho ndicho kilichomkosesha kaka usingizi hadi akabuni kifaa. Lakini chumba alichofanyia kazi kilifungwa, tundu la ufunguo likazibwa kwa pamba, na wifi akiuliza anaambiwa humo mna redio ya mteja. Redio gani hiyo isiyoimba mwaka mzima? Iliniudhi mimi, sembuse yeye.

Ombi likapokelewa. Tukaenda watatu kwa mama mwenye kiwanda cha sare: kaka na cherehani lake, wifi wa kushona, na mimi wa kusema, maana kaka mbele za watu maneno humkimbia. Mama akikubali, atagharamia vifaa kwa mashine zote za kiwanda. Akikataa, basi tena. Wenye viwanda wengine wote walishamtolea nje.

Nikasema niliyotumwa. Wifi akashona kipande cha kitambaa, mashine ikaenda bila kusita. Kisha kaka akasukuma karoti chini ya sindano, akakanyaga pedali. Sindano ikagoma hapo hapo. Akarudia, na karoti ikatoka salama salimini.

Mama akavua miwani. "Kizuri. Ila mimi sijaajiri karoti. Mmeshakijaribu kwa kidole?"

Kaka akanitazama. Mimi nikatazama dari. Kidole kingetoka wapi, na chumba kimefungwa?

Wifi hakuulizwa. Aliweka kidole chake chini ya sindano, kile chenye kovu.

"Kanyaga."

"Mama watoto, toa mkono."

"Si ulinitengenezea mimi? Kanyaga, baba."

Mguu wa kaka ulikuwa tayari juu ya pedali. Nilitaka akanyage, tena nilitaka mno asikanyage, na sijui hadi leo kipi nilikitaka zaidi. Mwishowe akauondoa mguu.

Mama akavaa miwani yake. "Rudini siku mkiwa na hakika," akasema, wala hakusema kwa ubaya. Akatufungulia mlango mwenyewe.

Nje, kaka alisimama amekumbatia cherehani, hataki kusaidiwa.

"Lingesimama," akasema. "Haki ya Mungu, lingesimama."

"Mimi nilijua," wifi akamjibu. "Na kukiona hicho kifaa chako ndiyo leo."