Tarehe Kumi na Moja Januari, Kijito cha Kinu

Hoyt alifika amechelewa kama kawaida yake, pikapu ikipanda mlima polepole, minyororo ya theluji ikilia kwenye magurudumu. Mimi nilikuwa ndani ya gari langu nakunywa kahawa. Alishuka, akazitazama suruali zangu za mpira, zile zinazofika kifuani, akacheka.

"Bado hujazitupa hizo? Zina viraka vingi kuliko blanketi la marehemu bibi yako."

"Na hiyo kofia umeiokota jalala gani?"

"Kaninunulia Charlene."

"Basi mwambie nimeipenda sana."

Charlene ni mkewe wa sasa. Mimi nilikuwa mkewe kwa miaka ishirini na sita. Tuliachana mwaka wa pili baada ya kumzika Landon, mtoto wetu wa pekee. Hatukurushiana vyombo. Ilifika tu siku tukawa tunakula maharage na mkate wa mahindi meza moja, kila mtu kimya na sahani yake, na Hoyt akasema afadhali aende kwa kaka yake kwa muda. Hakurudi. Lakini kila tarehe kumi na moja Januari, siku aliyozaliwa Landon, tunakutana hapa juu kuvua trauti, samaki wa vijito vya baridi.

Landon ndiye aliyependa kuvua wakati wa baridi. "Kiangazi hata mjinga anapata samaki," alikuwa akimwambia baba yake, naye ana miaka kumi na miwili tu. Januari hakuna watalii, maji ni maangavu mpaka unahesabu kokoto, na trauti wamelala chini kabisa kwenye vina, hawataki kujisumbua. Hawafukuzi kitu. Lazima umpelekee mdomoni nzi wako wa bandia, ule wa uzi na unyoya unaoficha ndoana, taratibu, naye akiona vyema atafungua mdomo. Ukipata wawili kwa siku nzima umefanya kazi.

Tulingoja mpaka saa tano, jua lilipoanza kugusa maji. Hoyt alinifungia nzi kwenye mshipi, mdogo kama punje ya mchele, wa uzi mweusi na unyoya mmoja wa kijivu.

"Naweza kujifungia mwenyewe," nikamwambia.

"Kwa macho hayo? Utajifunga kidole."

Nikamwachia.

Kwa saa nzima hatukupata kitu. Vipete vinavyopitisha mshipi kwenye ufito wangu wa kuvulia vilizibwa na barafu kila baada ya kurusha mara tatu nne, nikawa naviweka mdomoni kuviyeyusha. Hoyt alikuwa hatua kumi mbele yangu, upande maji yanakotoka. Hakuwa anavua hasa. Alikuwa anaurusha mshipi anauacha uende, macho yakiwa kwingine.

Halafu pale chini ya jiwe kubwa mshipi wangu ukasimama. Nikainua ufito, ukapinda.

"Huyo!" Hoyt akapiga kelele. "Usimvute! Mwache aende, mwache!"

"Hoyt, nyamaza, najua kuvua!"

"Hujui! Subiri nije na wavu!"

Akaja kwa haraka, mzee wa miaka sitini na mbili anakimbia kama mtoto, akakanyaga ukingo wa barafu. Ukavunjika. Akazama kwenye kina mpaka shingoni, na suruali zake za mpira zikajaa maji.

Nilitupa ufito. Nilimkamata kwa mkanda, nikaweka mguu kwenye mzizi, nikavuta. Sijui nguvu zile zilitoka wapi. Mara mbili aliniponyoka. Mara ya tatu alishika mzizi kwa mkono wake mwenyewe, akatoka akitambaa, maji yakimwagika kifuani kama ndoo.

Nilimkokota mpaka kwenye gari langu. Nikamvua kila kitu, nikamfunga blanketi la kiti cha nyuma na koti langu, nikafungulia hewa ya moto ya gari mpaka mwisho. Meno yalikuwa yanagongana, midomo imekuwa ya zambarau.

"Umeniona uchi tena," akasema.

"Hakuna jipya. Kunywa kahawa."

Akanywa. Kisha akaanza kulia. Nilidhani ni mshtuko, nikampigapiga mgongoni.

"Verna, alinipigia simu."

"Nani?"

"Landon. Ile Jumapili."

Hapa lazima nieleze. Landon alianguka kutoka kwenye paa alilokuwa akiezeka, akaumia mgongo. Alipewa vidonge vya maumivu. Vidonge vilikwisha, hamu yake haikuisha. Akaanza kununua mtaani, akaanza kuuza vitu vyangu, mpaka pete ya mama yangu. Baba yake siku hizo alikuwa kazini wilaya nyingine, anarudi kila baada ya wiki mbili. Jumamosi moja ya Aprili nilibadilisha kitasa. Landon aligonga, nikamwambia kupitia mlangoni aende akajitengeneze kwanza. Kesho yake jioni walimkuta amekufa kwa kuzidisha vidonge, kwenye gari lake, nyuma ya kituo cha mafuta kilichofungwa. Alikuwa na miaka ishirini na mitatu. Kanisani kila mtu aliniambia si kosa langu, na kwa jinsi walivyolirudia neno hilo nikajua kila mtu alikuwa ameshawaza kwamba ni langu.

"Alikupigia saa ngapi?" nikamuuliza.

"Saa nane na robo mchana."

"Ukamwambia nini?"

"Sikupokea." Alikuwa anaitazama kahawa. "Nilikuwa naangalia mbio za magari. Ilikuwa imebaki mizunguko kumi na miwili. Nikaona jina lake, nikasema huyu anataka pesa, nitampigia zikiisha. Nikaigeuza simu kifudifudi."

"Na zilipoisha?"

"Nilimpigia. Mara sita. Halafu nikazifuta simu zote kwenye kumbukumbu, ya kwake na zangu."

Feni ya gari ilikuwa inavuma. Nje nilikuwa nasikia maji.

"Kaburini," nikasema, "nilikwambia mimi ndiye niliyemfungia mlango. Nilikwambia mbele ya jeneza. Ukanishika mkono."

"Najua."

"Miaka tisa, Hoyt."

"Niliogopa utanichukia."

"Kwa hiyo ukaniacha nijichukie mwenyewe."

Ningependa kusema nilimhurumia, lakini sikumhurumia. Nilimwona mzee aliyelowa, ndani ya koti langu, nikatamani ningemwacha palepale kwenye kina. Niliwaza hivyo kweli. Kisha nikatia gia nikampeleka kwake, maili kumi na nane. Charlene alitoka mlangoni na masizi ya jiko mkononi. Nikamwambia ameanguka majini, mwekee maji ya moto, usimpe pombe. Nikaondoka.

Kesho yake Charlene akanipigia. Pikapu ilikuwa bado mlimani, na Hoyt alikuwa hawezi kuinuka. Nikampitia Charlene. Tulipanda njia nzima tukizungumza habari za theluji. Tulipofika, alibaki ameshika funguo, hashuki.

"Kakwambia?" akauliza.

"Wewe ulikuwa unajua?"

"Tangu mwaka tuliooana. Nilimwambia, Hoyt, nenda kwa yule mama umwambie. Kila Januari anaondoka akisema leo namwambia. Kila Januari anarudi nyumbani amenyamaza." Akafuta pua na kiganja. "Nisamehe, dada. Haikuwa yangu kuisema."

"Hapana. Haikuwa yako."

Alishuka, akaondoka na pikapu. Nikateremka kijitoni kutafuta vifaa. Ufito wangu niliukuta umebanwa kati ya mawe, mshipi umekatika. Wa Hoyt sikuuona.

Mwaka ule ulikuwa mrefu. Nilikwenda kwa mchungaji, nikarudi bila kumwambia. Nilikwenda kaburini, nikaketi kwenye nyasi, nikamwambia Landon kwamba baba yake alimpigia mara sita. Nilidhani angependa kujua, popote alipo. Mwenyewe sikujua kama nilikuwa namtetea Hoyt au namshitaki. Yapo majira niliyoona mzigo umepungua, kwa kuwa sasa tulikuwa wawili, na yapo majira niliyoona umezidi, kwa kuwa kumbe mwanangu alikuwa ametafuta mlango wa pili.

Januari ilipokaribia, Hoyt akapiga simu.

"Nije?"

Nilifikiri kidogo. "Usije mwaka huu."

"Haya," akasema. "Haya, Verna."

Nilikwenda peke yangu. Nzi nilijifungia mwenyewe, ikanichukua robo saa nikiwa na miwani miwili usoni. Nilivua mpaka saa tisa, hakuna samaki aliyenigusa. Nilipoteremka hadi barabara kuu simu ikashika mtandao, nikaegesha pembeni, nikampigia. Akapokea kabla haijalia mara mbili.

"Maji yako chini sana mwaka huu," nikamwambia. "Barafu imefika mpaka kwenye jiwe kubwa."

"Ehe," akasema.

Nikamsikia anapumua. Tulikaa hivyo, yeye jikoni kwake na mimi ndani ya gari, malori yakipita, na hakuna aliyekata simu.