Ukanda wa Mwenyekiti

Asubuhi ile Abdurahmani fundi alichomeka vigingi vya zahanati huku nyasi bado zinachuruzika maji ya mvua. Alipimia ukanda wa ngozi ya ng'ombe aliopewa na Mseti, mwenyekiti wa kijiji, maana futi yake ya utepe ilimponyoka mtoni alipokuwa anatoka Tarime.

"Futi ishirini kamili," Mseti alimwambia. "Ndio uliopima viwanja vya watu wote tulipohamia hapa."

Jua lilipokolea, fundi akarudi kuhakikisha kabla watu hawajachimba msingi. Akavuta ukanda. Haukufika! Kigingi kilikuwa kimekimbia karibu shubiri nzima.

Akageuka. Waitara alikuwa hapo karibu na ng'ombe wake, fimbo begani, anamtazama tu. Zahanati ilikuwa inajengwa juu ya boma lake la zamani, na siku ya kuhamishwa alinung'unika mpaka sauti ikamkauka.

"Mura, kijana wangu, mbona unavutana na ngozi?" Waitara akauliza. "Ng'ombe mwenyewe alishakufa."

"Navutana na anayehamisha vigingi."

Waitara akacheka, akaswaga ng'ombe wake.

Fundi akavisogeza vigingi ndani. Kesho yake asubuhi, baada ya manyunyu, akapima tena. Safari hii ukanda ulipita kigingi, ukabaki unaning'inia. Jana nje, leo ndani! Na chini palikuwa na alama za kwato. Akaenda moja kwa moja kwa Mseti.

Mseti alifurahi mno. "Huyo Waitara namjua. Tangu apewe kiwanja, wimbo wake ni mmoja, kwamba ni kidogo. Mchana kuna mkutano. Sema uliyoyaona, na jioni hii atakwenda wilayani kujibu kwa nini anapinga kijiji."

"Sikumwona akishika kigingi, ndugu mwenyekiti."

"Umeona kwato. Inatosha."

Furaha ile haikumkaa vizuri Abdurahmani. Mtu anafurahi hivyo kwa ajili ya vigingi?

Alirudi kazini, akaanika ukanda juani. Jua lilikuwa limeshapanda wakati Bhoke, mke wa Waitara, alipofika na debe la maji ya ujenzi.

"Ndugu fundi, mnapimia hicho? Kitanda changu kimefumwa kwa ngozi kama hiyo. Mvua ikinyesha kinalegea, nalala kama niko ndani ya karai. Jua likiwaka kinakaza, unaweza kukipiga kama ngoma."

Akaenda zake kuteka maji mengine. Fundi akabaki ameduwaa. Ndani ya mfuko wake mlikuwa na rula ya mbao, futi tatu, na hakuwahi kuitoa. Mwenyekiti akishasema ishirini, nani atapima tena?

Akaitoa. Ukanda ule mkavu ulikuwa futi kumi na tisa na nusu. Akaulowesha kwenye karai mpaka Bhoke alipoleta debe la tatu. Akapima tena, ukawa futi ishirini na inchi tatu.

Mkutanoni Mseti alimwita. "Fundi, waeleze wananchi ulichokiona."

"Vigingi havijaguswa na mtu," Abdurahmani akasema. "Nimekosa mimi. Nilimshuku mtu kabla sijapima kipimo." Akawaonyesha rula, akawaonyesha ukanda, akataja hesabu zote mbili.

Watu wakacheka. Waitara hakucheka. Akasimama taratibu.

"Mwenyekiti, siku ile ya kugawa viwanja, cha kwako kilipimwa saa ngapi?"

Bibi Robi, jirani yake Mseti, ndiye aliyejibu. "Asubuhi na mapema, mvua inanyesha. Mimi mwenyewe nililowa."

"Na changu?"

"Chako saa nane. Jua la kupasua kichwa."

Mseti akanyoosha mkono. "Fundi, lete ukanda wangu."

Lakini Abdurahmani alikuwa ameshauviringisha na kuutia mfukoni. Mkononi alibaki na rula tu.

"Ngoja kwanza, ndugu mwenyekiti," akasema. "Naanzia kwako."