Salamu kwa Binti Shadli

Baba yangu alikuja kurekodi kwa sababu mama aligoma kupika. Asije mtu akampamba. Mama alimwambia wazi kwamba hataona kuskusi nyumbani mpaka atakapompigia binti yake mezwedi, naye alivumilia siku mbili kwa mkate mkavu na zeituni, halafu akaja. Sura kaikunja, zumari yake kaifunga kwenye kitambaa cha meza.

Mezwedi ni zumari ya mfuko wa ngozi ya mbuzi, na mtaani kwetu Melasin, hapa Tunis, harusi isiyokuwa nayo haihesabiwi kuwa harusi. Baba, Shadli, ndiye anayeipiga. Mimi ni rapa. Nilikuwa natengeneza albamu yangu ya kwanza ya peke yangu, bila kampuni wala bosi, na ndani yake nilitaka mistari yangu ikae pamoja na fidla, gitaa la besi, ngoma na mezwedi, vyote vikipigwa na watu, si na mashine. Wapiga mezwedi wengine wote mjini walinikatalia. Baba ndiye aliyewakataza.

"Hapa ndipo unapoimbia?" aliuliza, akitazama magodoro tuliyobandika ukutani. "Kuku wangu wanalala pazuri kuliko hapa."

"Kuku wako hawana wimbo, baba."

"Na wewe unao? Mwanamke mzima unabwata kama muuza samaki, halafu unaita wimbo!"

Ferid, mpiga fidla wetu, akacheka. Baba akamgeukia. "We msomi wa chuo cha muziki, kaza nyuzi zako unifuate. Mezwedi haimfuati mtu."

Hilo ni kweli, maana mezwedi haina nyuzi za kukaza, sauti yake ni ileile iliyozaliwa nayo. Wote tukajipanga kumfuata, chumba kimoja, vipaza sauti vimewaka. Anis, fundi wetu wa kurekodi, akamwonya kwa adabu: "Ami Shadli, humu kila kinachosikika kinaingia kwa wote. Mtu akikohoa, hatuwezi kukitoa kikohozi peke yake."

"Basi asikohoe mtu. Napiga mara moja tu, kisha nakwenda kula."

Sasa niseme lililokuwa rohoni. Harusini kwetu mgeni humpa mpigaji noti, akamnong'oneza jina. Mpigaji hutoa mdomo kwenye zumari, mfuko ukaendelea kulia kwa pumzi iliyobaki ndani, naye akalitangaza jina mbele ya watu. Kisha hulijibu kwa madoido ya zumari. Jina likishatangazwa, lazima lijibiwe. Kulinyamazia ni kumtukana mwenyewe hadharani.

Kwenye harusi ya kaka yangu Mehrez, baba aliwasalimu wakwe, majirani, hata jamaa aliyekuja kudai viti vyake. Mimi nilikuwa mbele pale, gauni jipya, na nilimpa noti kwa mkono wangu mara mbili. Zote alizitia mfukoni, na jina langu akaliruka. Kisa? Binti anayepanda jukwaani na vijana wa rap si wa kutangazwa. Kwa hiyo msidhani nilimwita kwa ajili ya zumari tu. Nilitaka alitaje jina langu kwa kinywa chake, ingawa ningekatwa ulimi kabla ya kumwambia.

Tukaanza. Besi ikaingia, ngoma ikaingia, mezwedi ikapasua chumba. Niliimba ubeti wa kwanza, wa msichana aliyefungiwa mlango na watu wa kwao. Baba alikuwa amefumba macho, kama yuko harusini. Nikamwona anatoa mdomo kwenye zumari, nikajua jina linakuja.

"Na hii ni ya Mehrez!" akapaza sauti. "Mwanangu, fahari ya nyumba ya Shadli!"

Akamjibu kwa madoido. Kwenye wimbo wangu. Nilihisi nimezabwa kofi mbele ya watu. Anis akainua mkono atusimamishe, nikamkazia macho akaushusha. Baba alikuwa anaujaza mfuko pumzi. Ubeti wa pili nikauacha. Nikasogea kwenye kipaza sauti, nikatangaza kama wanavyotangaza wao:

"Na hii ni ya Dalila! Dalila binti Shadli! Kalipa mwenyewe, tena zamani!"

Baba akafumbua macho. Alikuwa amechelewa. Vidole vilivyozoea harusi miaka yote hiyo havikumngoja, vilishaondoka. Madoido yakatoka marefu, juu kuliko ya Mehrez, yakazunguka, yakateremka taratibu mpaka hapo nilipokuwa nasubiri na mstari wangu. Nikaingia, tukaumaliza wimbo.

Baba akaubana mfuko ukalia vibaya. "Futa hiyo."

"Ipi?"

"Unaijua. Futa jina lako."

"Likifutwa langu, wimbo wote unakwenda, pamoja na huyo Mehrez wako. Piga tena."

"Nilisema mara moja!"

"Basi na iwe mara moja."

Ferid akajifanya anapangusa fidla. "We mtoto huna haya," baba akasema. "Umeniibia."

"Nimelipa, baba. Angalia mfukoni mwako."

Akafunga kitambaa chake, akatoka bila kuaga. Mama aliniambia alikula sahani mbili za kuskusi.

Albamu imetoka, na baba hanisemeshi. Vijana wakiupiga wimbo ule mkahawani, yeye hunyanyuka kabla haujafika pale. Kuna wanaonijia na maneno ya suluhu, mimi nawajibu waanze kwake. Hasira ninayo bado, wala siioni ikipoa. Ila jioni nyingine, nikiwa peke yangu, nausogeza wimbo mpaka pale pale. Naliita jina langu, baba anaitika. Kisha nazima.