Shubiri ya Baba

Fundi alikuwa na maneno yake ambayo mtaa mzima uliyajua kwa moyo: "Mimi sikufunzwa na mwalimu, nimefunzwa na ulimwengu, na ulimwengu haukunipa cheti." Akishayasema hucheka mwenyewe, hata kama hakuna mwingine aliyecheka. Na haki yake tumpe, alijifundisha kweli. Alipokuwa kijana aliliiba koti la mjomba wake, akalifumua mshono baada ya mshono apate kujua limeungwaje, akachapwa, na machozi hayajakauka akalishona upya. Mjomba alilivaa koti lile mpaka likamzeekea, wala hakuona tofauti.

Futi ya kupimia hakuigusa maisha yake yote. Mteja alitakiwa kuleta nguo yake moja inayomkaa vizuri. Fundi huilaza mezani, akautanua mkono toka kidole gumba hadi cha mwisho, akaitembeza shubiri hiyo juu yake, kifuani, kiunoni, mikononi, kisha akamrudishia mwenyewe nguo yake. Vipimo vilibaki kichwani. Waliomcheka walikuja wakamletea vitambaa, na watoto wao wakaja baada yao.

Sasa binti yake alipopata nafasi chuo cha ushonaji, alimruhusu shingo upande. Likizo ya kwanza msichana akarudi na mikasi midogo, akakaa sakafuni anakata magazeti kwa umbo la mikono na kola. Baba akamtazama weee, akaangua kicheko. "Nguo za magazeti! Nani atazivaa, mwanangu, wasomaji?" Likizo ilipokwisha hakumrudisha. Alimwambia atakaa naye dukani aangalie, maana nani aliyemfundisha yeye? Mama mtu aligomba, akachoka, akanyamaza. Na binti akaangalia. Tatizo ni kwamba baba hakujua kueleza. Ukimuuliza kwa nini amekata hapa, atakwambia, "Si unaona?" Jamani, angekuwa anaona angeuliza?

Kisha kiharusi kikamwangusha asubuhi moja akiwa anafungua duka. Mkono wa kulia ukafa, mdomo ukaenda upande. Akili ilibaki timamu, na huo ndio uliokuwa msiba wenyewe, kwa sababu alilala nyuma ya pazia la duka lake akisikia kila kitu. Hakutaka mteja amwone alivyo. Waliokuja waliambiwa fundi amepumzika.

Mezani kulikuwa na kazi moja isiyoweza kungoja: gauni la bibi harusi. Kitambaa chenyewe kilinunuliwa na mama wa bibi harusi, kabla hajafariki, akakiweka sandukuni akisema kitamngoja binti yake. Hakuna duka lililokuwa nacho tena. Fundi alikwisha kuipima nguo ya msichana yule, akairudisha, ila mkasi hajautia.

"Utakata wewe," alimwambia binti kutoka nyuma ya pazia, maneno yakimtoka kwa taabu. "Mimi nitasema, wewe kata. Kifua, shubiri mbili na vidole viwili."

Binti akauweka mkono juu ya kitambaa, akapima. Akapima tena. "Baba, naona kama itakuwa ndogo."

"Unaona nini? Nilianza kushona wewe hujazaliwa."

"Si tumwambie alete tena ile nguo yake? Niipime na futi, dakika moja tu."

"Ili waseme nini? Kwamba duka limeachiwa mwanafunzi?" Akakohoa, akatulia. "Kitambaa chenyewe hakina cha kuchezea, mama. Kata hapohapo kwenye kipimo. Futi ni ya watu wasiojiamini."

Fundi alikuwa ameshika shuka kwa mkono wake mzima, roho juu, mpaka aliposikia mkasi ukila kitambaa, kraa, kraa, bila kusita. Akafurahi. Alifurahi, maskini ya Mungu, akajiambia mtoto wa nyoka ni nyoka.

Bibi harusi alikuja kujaribu akiwa na shangazi yake. Fundi alizisikia salamu, akasikia viatu vikivuliwa, akasikia gauni likishuka kichwani kwa ule mchakacho anaoujua. Aliisubiri sauti ya furaha waliyozoea wasichana kuitoa mbele ya kioo chake.

"Vuta pumzi ndani," shangazi alisema. "Vuta tena."

"Nimevuta, shangazi."

"Mbona mgongo haukutani? Ee binti, mbona huku nyuma pamebaki wazi hivi?"

Binti alisema kitu ambacho hakikusikika. Shangazi hakupiga kelele, afadhali angepiga. Alisema tu kwa sauti ndogo, "Hiki ni kitambaa cha marehemu." Bibi harusi akaanza kulia, na nguo ikiwa bado imembana.

Pazia likafunguliwa. Binti akaingia, akapiga magoti kando ya kitanda.

"Nilikwambia shubiri mbili na vidole viwili," fundi alinong'ona. "Ulipimaje?"

"Hivyohivyo, baba." Akautanua mkono wake hewani kumwonyesha.

Fundi akautazama mkono ule. Akauinua wa kwake wa kushoto, uliobaki hai, akautanua, akauweka juu ya wa binti, kiganja kwa kiganja. Vidole vya binti viliishia chini kabisa ya vyake. Alikuwa ameushika mkono huo tangu mtoto anajifunza kutembea, na haikuwahi kumpitia akilini kwamba kipimo kile, dunia nzima, alikuwa nacho yeye peke yake.

"Tutaunga kipande," alisema.

"Kipande gani, baba? Kitambaa kimekwisha. Na ulisema nikate hapohapo, hakuna hata ukingo wa kulegezea mshono."

"Basi ungeniambia..."

"Nilikwambia." Hakuwa na hasira, na hilo lilimuuma zaidi. "Siku bibi harusi alipoleta lesi ya kupambia gauni, kabla hujaniambia nikate, nilimzungushia futi kwa siri. Uliponitajia kipimo nikajua kabisa kwamba haitamtosha, ndiyo maana nikaomba ile nguo yake. Nilikaa na mkasi mkononi, nikasema moyoni, mimi na kichuo changu cha muhula mmoja, najua nini mbele ya baba? Nikakuamini wewe."

Fundi alitaka kumwambia kwamba yeye binti ndiye aliyekuwa sahihi. Alitaka kumwambia arudi chuo, lakini chuo kilikwisha kumfuta, na duka halikuwa na mikono mingine.

"Fundi!" shangazi aliita kutoka mbele. "Harusi ni Jumamosi. Sasa tunafanyaje?"

Baba na binti wakatazamana, kila mmoja akingoja mwenzake aitike.