Chumba cha Vioo Vitatu

"Vuta pumzi."

"Nimeshavuta, mama. Nikivuta zaidi nitazimia, na bwana harusi atakuja kuoa maiti."

Mama Pindo hakucheka. Alikuwa ameng'ang'ania zipu ya gauni la harusi kwa mikono miwili, goti moja kitandani, na zipu imegoma katikati ya mgongo wa binti yake. Haipandi, haishuki. Palibaki nafasi ya vidole vitatu, na ngozi ya bintiye ikichungulia hapo kama inauliza kuna nini.

"Umenenepa wewe."

"Sijanenepa. Muulize anayenipikia."

Anayempikia alikuwa Mama Pindo mwenyewe, kwa hiyo akairudia zipu.

Harusi ilikuwa keshokutwa. Na aibu iliyoje, jamani! Mama Pindo alikuwa fundi wa kurekebisha nguo katika duka la magauni kubwa kuliko yote mjini. Akikunja pindo la sketi, utautafuta mshono kwa miwani usiuone. Ndiyo maana hata jina alilopewa na wazazi wake lilishasahaulika. Maharusi wa mjini walikuwa hawaendi kanisani wala msikitini kabla hajawapitia kwa sindano yake. Leo gauni la mwanawe Kitinda, kitinda mimba wake, limekataa kufungika.

Akaufuata uzi uliotundikwa msumarini, nyuma ya mlango.

Uzi huo una habari yake. Ng'ambo ya reli, walikoishi, kila nyumba ilikuwa nao. Duka la Madamu, mwajiri wa Mama Pindo, lilikuwa na kibao mlangoni kama maduka yote ya nguo mjini, na kibao hicho kilisema watu wa ng'ambo ya reli hawaruhusiwi kujaribu nguo. Kuitazama, ruksa. Kuigusa, kwa ncha za vidole. Kuivaa kabla ya kuinunua, thubutu! Ikishagusa mwili wa mtu wa ng'ambo, nani mwingine ataitaka? Ndivyo walivyosema, tena bila kushusha sauti. Basi wanawake wa ng'ambo walijipima nyumbani kwa uzi wa pamba: fundo la kifua, fundo la kiuno, fundo la nyonga, na la mwisho la urefu. Walikwenda nao dukani umekunjwa kiganjani, wakaulaza juu ya nguo, wakakisia, wakanunua, wakarudi nyumbani wakimwomba Mungu. Isipokutosha, shauri yako.

Mama Pindo naye alimpima binti yake kwa uzi. Futi ya kupimia ilikuwa ya dukani, haikuruhusiwa kulala nje, na mazoea nayo ni ugonjwa. Sasa aliuzungusha uzi ule kiunoni mwa bintiye, akauvuta, akaukodolea macho. Fundo halikufika kwenye fundo.

"Huu uzi ulilowa?"

"Ulikuwa kwenye mfuko wa aproni yako. Nilifua aproni."

"Ukauanika juani?"

"Niliuanika pamoja na aproni. Ningeuanika wapi, chini ya kitanda?"

Mama Pindo akaketi kitandani puu! Uzi wa pamba ukilowa ukakauka juani, hunywea. Hilo analijua hata anayejifunza kutunga uzi kwenye sindano. Na yeye, mtu mzima, mikono yake imeshika nguo maisha yake yote, alilipunguza gauni kwa kufuata uzi ulionywea, kisha akampa Mzee Mkasi, mkataji wa dukani, akakate kilichozidi.

Binti alimtazama, akaanza kutetemeka mabega. Alikuwa anacheka. Alicheka mpaka zipu ikashuka yenyewe.

"Cheka tu," alisema mama. "Keshokutwa utaolewa umevaa aproni."

"Utaongeza vipande ubavuni, mama. Satini ya rangi hii si ipo dukani?"

"Ipo. Kesho nitakwenda nalo."

"Tutakwenda nalo." Kicheko kilikuwa kimekwisha. "Nitalivaa palepale, unibanie pini mbele ya vile vioo."

Mama Pindo alimvua binti lile gauni. Alianza kulikunja gauni, akalikunja vibaya, akalikunjua.

Mjini kila mtu alijua habari ya vile vioo. Chumba cha kujaribia nguo cha Madamu kilikuwa na vioo vitatu, cha mbele na viwili vya pembeni, ukisimama katikati unajiona mpaka kisogo. Msimu wote wa mvua uliopita, wanawake wa ng'ambo walisimama nje ya maduka ya nguo na mabango yao, hawanunui hata kifungo. Kitinda alikuwa mstari wa mbele. Mama yake, kila asubuhi, aliwapita kichwa chini, akaingia kwa mlango wa nyuma akaketi kwenye cherehani, kwa sababu ndani ya nyumba yao ni yeye peke yake aliyekuwa na kazi. Halafu mahakama ikaamua: milango yote ni ya watu wote. Redio ikatangaza, watu wakacheza barabarani. Madamu akakitoa kibao chake, mlangoni likabaki tundu la msumari.

Na tangu siku ile, hakuna mtu wa ng'ambo aliyetia mguu katika chumba kile kujaribu nguo. Ushindi walikuwa nao. Wa kwenda kuutumia ndiye aliyekosekana.

"Atanifukuza kazi," alisema Mama Pindo hatimaye.

"Anaweza."

"Unalisema kirahisi."

"Si kirahisi, mama. Nililoa pale nje mpaka nikapata kikohozi, na wewe ukanipita kila siku. Sikukulaumu, maana chakula cha kunipa nguvu ya kusimama kilitoka kwako. Lakini umewapigia magoti maharusi wangapi mle ndani? Mimi nataka siku moja unipigie mimi."

Maneno yale yalimchoma, na yalimchoma kwa sababu na yeye alilitaka hilohilo. Alikuwa akilitaka tangu binti huyu yuko kwenye nepi, hajawahi kulitamka hata kwa Mungu.

Asubuhi walishuka mjini pamoja, gauni limeviringishwa kwenye shuka. Kwenye kona ya duka mama akashika njia ya uchochoroni kuelekea mlango wa nyuma, miguu yenyewe tu ikampeleka. Binti akaenda mbele, akangoja kidogo nje amwache mama yake atangulie.

Mama Pindo alifika, akavaa aproni, akafagia chumba cha kujaribia kama ilivyokuwa kazi yake ya kwanza kila siku. Akafuta vioo. Alikuwa ndiyo kwanza anaweka ufagio wakati kengele ya mlango wa mbele ilipolia, na sauti ya Madamu ikafuata.

"Ah, mtoto wa Mama Pindo. Mzigo wa mama yako zungukia nao nyuma, mwanangu."

"Shikamoo, Madamu. Sijaleta mzigo. Nimekuja kujaribu gauni langu la harusi, linarekebishwa."

Mama Pindo alisogea mpaka kwenye mlango wa chumba cha mafundi. Dukani palikuwa na wateja wawili wameketi kwenye viti vya kusubiria: mama mmoja mwenye kofia, na mwalimu wa shule, mwembamba, sketi ya kujaribu mapajani. Wote wawili walikuwa wamegeuka. Mzee Mkasi alikuwa nyuma ya meza yake, mkasi umefunguka hewani.

Madamu hakuwa mtu wa kupiga kelele. Alikuwa mtu wa kutabasamu. "Sheria naijua, mwanangu, na mimi naiheshimu. Ila kwa bahati mbaya chumba kina mtu."

"Nitasubiri."

"Atachelewa."

"Nitasubiri, Madamu."

Tabasamu likapungua. Madamu akageuka, akamwona fundi wake mlangoni, na uso wake ukapata nafuu. "Afadhali umekuja. Mama Pindo, hebu zungumza na mwanao. Wewe una busara."

Basi macho yote yakahamia kwake. Mama Pindo aliwaza kodi ya nyumba na mchele. Aliwaza kwamba angeweza kusema "njoo nyuma, mwanangu, tutabana hukuhuku," na binti angekuja, asingemwaibisha mbele ya watu, na wasingelizungumza tena maisha yao yote, kama ambavyo hawakuwahi kuzungumza habari ya zile asubuhi za mvua. Binti yake alikuwa amesimama na shuka lake kifuani, kidevu juu, lakini mama aliona kidevu kile kinavyotetemeka. Hakuna mwingine ambaye angekiona.

"Chumba hakina mtu, Madamu," alisema. "Nimetoka kukifagia sasa hivi."

Sauti ilitoka nyembamba kuliko alivyotaka, ila ilitoka.

"Unasemaje?"

"Nasema kiko wazi. Na mimi ndiye fundi wake. Njoo, Kitinda."

Mama mwenye kofia aliinuka, akakumbatia mkoba wake, akatoka. Kengele ikalia nyuma yake. Madamu aliitazama kengele ile, kisha akamgeukia Mama Pindo.

"Ukiingia naye humo, mimi sijui ya kesho."

"Hata mimi siyajui, Madamu," alijibu Mama Pindo, akamshika bintiye mkono, wakapita kati ya viti.

"Basi mimi ni baada yake," alisema yule mwalimu. Hakuinua sauti. Aliupandisha tu mguu mmoja juu ya mwingine na kuiweka sawa ile sketi mapajani.

Pazia likashuka nyuma yao.

Ndani, binti alivua, akavaa, akasimama katikati ya vioo. Akawa watatu, mama aliposogea wakawa sita, mama na binti kila upande. Mama Pindo alikuwa amevifuta vioo hivi kila asubuhi na bado hakuwahi kujiona humo na mtu wake. Alikuwa na mvi nyuma ya sikio! Tangu lini?

"Mama."

"Usilie. Satini inashika madoa ya machozi, na mimi sina satini ya kuchezea."

"Wewe mwenyewe unalia."

"Mimi nalia pembeni. Geuka."

Akafumua ubavu wa kushoto, kisha wa kulia, na gauni likapumua. Pazia likasogea kidogo, mkono wa Mzee Mkasi ukapenya peke yake, umeshika vipande viwili vya satini vilivyokatwa vizuri.

"Nimeacha ya kutosha kwenye mshono safari hii," ulisema ule mkono. "Na uzi wako ukautupe, Mama Pindo. Uliniponza na mimi."

Binti akacheka, na kwa mara ya kwanza tangu jana mama akacheka naye, kicheko cha pumzi tu, maana alikuwa ameshajaza pini mdomoni. Akapiga magoti. Akaweka kipande cha kwanza, akabana. Akarudi nyuma akatazama. Akabana tena. Kiuno kilikaa. Kifua kilikaa. Alikuwa anamgusa mwanawe kwa utulivu uleule aliowagusia mabinti wa watu, na furaha ilimjaa.

Kengele ya mlango ikalia.

Kwa upenyo wa pazia alimwona mwanamke wa ng'ambo, muuza mboga wa karibu na kivuko cha reli, amesimama nje kidogo ya kizingiti, mkononi ana blauzi aliyoitoa kwenye nguo zilizotundikwa nje ya duka. Lazima aliwaona kupitia dirisha la mbele. Alitazama ndani, akatazama barabarani, akatazama ndani tena.

"Samahani," alisema. "Ati na mimi naweza kuijaribu hii?"

Mama Pindo alitaka kumwita, lakini mdomo ulikuwa umejaa pini. Akabaki amepiga magoti, mkono mmoja kwenye pindo la mwanawe, akisikiliza. Mkasi wa Mzee Mkasi ulinyamaza. Mwalimu alisogeza mkoba wake kutoka kwenye kiti cha pili.

Madamu aliitazama blauzi, akautazama mlango ambao mama mwenye kofia aliupitia kutoka, akalitazama pazia. Akashusha pumzi.

"Kaa hapo," alisema. "Kuna wawili mbele yako."

Mwanamke yule hakuingia papo hapo. Alijifuta viatu kwenye zulia la mlangoni, cha kulia, cha kushoto, akarudia cha kulia, kisha akavuka kizingiti akaenda kukaa.