Jeti Yetu ya Changamwe

Mimi Mwinyihaji ni mwoga, na nilikuwa mwoga kabla hata ya ndege ile. Mwaka wa 1959 nilikuwa fundi wa redio Changamwe. Hali ya hatari ilikuwa haijaondolewa, na kukutwa na mtambo wa kurusha mawimbi bila kibali ilikuwa jela moja kwa moja. Gershom, makanika wa bandarini kutoka Taita, hilo halikumkosesha usingizi. Aliona picha ya ndege ya jeti gazetini, akachonga ya kwake kwa mti mwepesi, urefu wa mkono, akaniletea dukani.

"Bwana Mwinyihaji, mwili huu hapa," akasema. "Roho utaitia wewe."

Kila tulichokichagua nilikichagua kwa hofu. Gershom alitaka bomba la petroli lingurumalo kama jeti ya kweli. Nikakataa, kituo cha polisi kilikuwa karibu. Mota ya umeme, ya kupangusia kioo cha gari, haikuwa na kelele, lakini betri zake peke yake zilikuwa nzito kuliko ndege. Tukakubaliana juu ya injini ndogo ya dizeli, ukubwa wa ndimu, aliyoipata kwa baharia. Ikabaki risiva, chombo cha kukaa ndani ya ndege na kupokea amri za mtambo wangu wa kurusha mawimbi. Ya vali mbili, zile taa za kioo za redio, ilikuwa ya kuaminika lakini nzito. Ya vali moja ilikuwa nyepesi, ila ikipata joto huyapoteza mawimbi yake. Nikachagua nyepesi, maana nilitaka ndege iruke mara moja, ishuke, nami niuvunjevunje ule mtambo kabla watu hawajaujua.

Jumapili asubuhi tukaenda kwenye uwanda mtupu upande wa Port Reitz. Ikaruka, wallahi ikaruka! Nikabonyeza kitufe cha mtambo mara moja, ikakata kulia. Mara mbili, kushoto. Gershom alikuwa akicheka kama mtoto. Jua likapanda, nikabonyeza tena, isisikie. Nikabonyeza mpaka kidole kikauma. Ikashika njia yake, ikavuka ua wa uwanja wa ndege, ikaangukia huko ndani.

Hapo nikakumbuka. Kila redio niliyopata kuifungua niliandika jina langu ndani kwa herufi za Kiarabu, kama nilivyofunzwa katika chuo cha Kurani, ili ikirudi nijue ni kazi yangu. Na ndege ile pia nilikuwa nimeiandika. Mkono ulijiendea wenyewe.

"Nenda nyumbani," Gershom akaniambia. "Mimi nitaifuata."

Nikakimbia. Mtambo nikautumbukiza chooni, kisha nikakaa dukani nikingoja.

Adhuhuri gari la polisi likasimama mlangoni. Sajini mmoja wa bara akaingia na ndege mkononi. Nyuma yake askari wawili walimshika Gershom, pingu mikononi, mdomo umepasuka. Hawakunijia mimi. Walimtaka fundi wa redio aliye karibu, awaambie ndani mna nini.

Nikafungua kifuniko. Jina langu lilikuwa pale pale, kwa wino mweusi.

"Hii inatuma habari?" sajini akauliza.

"La, bwana sajini. Inapokea tu. Ni mchezo."

"Na hayo maandishi?"

Gershom alikuwa akitazama sakafu. Nilitaka kusema kweli, na Mungu anajua nilitaka.

"Ni dua," nikasema. "Ya kukinga ajali."

"Huyu ni Mkristo."

"Hata wao huja kuandikiwa, bwana."

Sajini akamgeukia Gershom. "Nani alikuandikia? Mwenzako ni nani?"

"Sina mwenzangu," Gershom akajibu. "Ni mimi peke yangu."

Wakamtoa. Nilisikiliza gari mpaka mngurumo wake ukapotea barabarani. Hofu yote ikanitoka kwa pamoja, nikasikia njaa. Hilo ndilo nisilojisamehe mpaka leo. Mke wangu, Mwanasaumu, alikuwa ameniletea wali wa nazi na samaki tangu mapema, umeshapoa. Nikanawa mikono, nikala, nikaumaliza wote.